Muziki Ukutani: Jinsi ya Kuonyesha Taswira za Muziki kwa TV Kubwa au Projekta Nyumbani

Nikiwaonyesha wageni taswira za muziki ukutani, swali la kwanza huja usiku huohuo, hawajamaliza hata pilau: "Hiyo ni video gani? Nirushie." Si video. Ni kompyuta inausikiliza wimbo unaopigwa sasa hivi na kuchora rangi na mawimbi kwa kuufuata, kwa hiyo hakuna faili la kurusha. Kesho yake yanaingia mengine kwenye simu: nimechomeka waya mbona TV inaandika No Signal, picha inacheza lakini haiendi na ngoma, projekta niliyonunua Kariakoo mbona ukutani naona ukungu tu. Nimeyajibu moja moja kwa muda mrefu, leo nayaweka yote pamoja.

Shika jambo moja kabla ya yote: anza na sauti, picha itafuata. Wengi wanaokwama humaliza siku nzima wakisaka programu yenye rangi nzuri, kumbe tatizo lao liko kwenye njia ya sauti. Taswira isiyokwenda na ngoma ni pambo tu la skrini, na baada ya nyimbo mbili hakuna anayeitazama.

Vitu vya kuwa navyo

Kompyuta: laptopu ya mtumba yenye Windows inatosha, mradi ina tundu la HDMI, linalopitisha picha na sauti kwa waya mmoja, na inacheza video za kawaida bila kukwama. Za zamani sana zina VGA pekee, tundu la picha la kizazi kilichopita, nazo zinahitaji kigeuzi cha VGA kwenda HDMI. Kuwa makini dukani, kwa sababu kigeuzi cha HDMI kwenda VGA kinafanana nacho kama pacha, ila vigeuzi hivi hufanya kazi upande mmoja tu. Ukibeba kisichokuhusu, hutapata picha hata ufanyeje. Na VGA haibebi sauti.

Skrini: TV bapa ya inchi 43 kwenda juu, au projekta. TV ya chogo nayo inawezekana kwa kiboksi cha kugeuza HDMI kwenda AV, yale matundu ya njano, nyekundu na nyeupe. Maandishi yatafifia, lakini rangi na mawimbi hupita vizuri.

Waya wa HDMI wa mita 3 hadi 5. Ukivuka mita 10, nyaya za bei nafuu huanza kukatakata picha.

Sabufa au redio yenye matundu ya AUX, pamoja na waya wa sauti: upande mmoja jeki ndogo ya milimita 3.5 kama ya hedifoni, upande wa pili vichwa viwili, chekundu na cheupe. Katika vifaa vyote huu ndio wa bei ndogo kabisa, na ndio unaosahauliwa zaidi.

Muziki uwe ndani ya kompyuta au kwenye flashi. Ukitegemea bando, wimbo utakatika katikati na taswira itaganda nao.

Ekstensheni imara na kinga ya umeme, ile tunayoiita TV guard. Umeme ukikatika si tatizo kubwa kama unaporudi kwa kishindo.

Kama unanunua projekta

Maboksi ya projekta ndogo huandikwa lumeni (kipimo cha mwanga) elfu kadhaa kwa herufi kubwa. Wewe tafuta namba iliyoandikwa ANSI, yaani lumeni zilizopimwa kwa njia ya viwango. Kama haipo, hizo nyingine usizitegemee. Projekta ya ANSI 200 hivi itakupendeza kwenye chumba chenye giza kamili na picha isiyozidi upana wa mita moja na nusu. Kama unataka taa ya pembeni ibaki inawaka ili watu waone sahani zao, tafuta ya 2000 kwenda juu. Zile za mtumba zinazotumia balbu, zilizotoka maofisini, mara nyingi zinafika huko. Kumbuka pia kuwa mwanga ukitandazwa unapungua: ukisogeza projekta nyuma mpaka upana ukawa maradufu, eneo limekuwa mara nne, na kila kipande cha ukuta kinapata robo tu ya mwanga wa awali. "Picha kubwa" na "picha inayoonekana" huvutana.

Jambo la pili ni pikseli, nukta ndogo zinazounda picha. "Inakubali 1080p" maana yake inaipokea picha ya pikseli 1920 kwa 1080, lakini yenyewe ndani inaweza kuwa na pikseli 854 kwa 480 tu. Kwa filamu yenye maandishi ni kero. Kwa kazi yetu hii, 1280 kwa 720 zinatosha kabisa, na hela iliyobaki iongeze kwenye mwanga. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, aielekeze kwenye kona yenye kivuli. Akikataa kuiwasha, nenda duka linalofuata.

Hatua kwa hatua

1. Pima ukuta kabla ya kitu kingine. Maelezo ya projekta hutaja uwiano wa umbali na upana. Ikiwa ni 1.5, basi kila mita moja na nusu ya umbali inakupa mita moja ya upana. Ukiiweka mita 3 kutoka ukutani unapata picha ya upana wa mita 2, yaani kama inchi 90 kutoka kona hadi kona. Nyuma na pembeni yake acha nafasi ya sentimita 30 hivi ili feni ipumue, maana joto la Dar mwezi wa pili halihitaji msaada.

Ukuta mweupe usiong'aa ndio bora. Rangi ya mafuta hurudisha doa la taa machoni mwa watu. Shuka jeupe linafaa, ila lipigwe pasi na kuvutwa pande zote nne, na yawe mawili, kwani moja jepesi hupitisha mwanga ukaishia dirishani. Ukuta wa krimu au wenye ufa mdogo usikukoseshe raha. Kwenye sura ya mtu ungeonekana, kwenye mawimbi ya rangi haumsumbui yeyote.

Projekta iuelekee ukuta moja kwa moja. Ukiiinamisha, picha inakuwa pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine, na marekebisho ya ndani hula pikseli. Heri kuinyanyua juu ya kabati.

2. Unganisha. Shusha sauti ya sabufa hadi sifuri, kisha chomeka HDMI na waya wa sauti, ndipo uwashe. Kwenye TV bonyeza Source au Input na uchague namba ya tundu ulilotumia. Asilimia kubwa ya No Signal ninazoitiwa ni hii: waya uko HDMI 2, TV inatazama HDMI 1.

3. Bonyeza Windows na P kwa pamoja. Zitakuja chaguo nne. Wengi huchagua Duplicate, ambapo skrini mbili zinaonyesha kitu kimoja. Mimi nakushauri Extend: wageni wanaona taswira peke yake, nawe unatafuta wimbo unaofuata kwenye laptopu bila kuwaonyesha mafaili yako na ujumbe wa WhatsApp.

4. Weka njia ya sauti. Hapa usiharakishe.

Ukichomeka HDMI, Windows mara nyingi huhamishia sauti kwenye TV au projekta bila kukuuliza. Bofya alama ya spika chini kulia, uchague sauti itokee wapi. Kwa jeki na sabufa, chagua spika za kompyuta. Sasa panda na sauti ya sabufa taratibu.

Usitumie bluetooth. Mara ya kwanza nilipofanya haya nyumbani kwetu Tabata nilikuwa na spika ya bluetooth, tena nzuri. Nikaweka taarabu, bibi yangu akakaa mbele ya ukuta na kahawa yake. Akatazama kidogo akasema, "Mjukuu wangu, mbona picha inamtangulia mpigaji?" Yeye hajui bluetooth ni nini, ila masikio yake yalikuwa sahihi. Sauti ya bluetooth hufungashwa, hurushwa na kufunguliwa upya, na safari hiyo inaweza kula robo ya sekunde. Kwenye taarabu ni kasoro. Kwenye singeli yenye mapigo 240 kwa dakika, robo sekunde ni pigo zima: picha inapiga la pili, sikio ndiyo kwanza linapata la kwanza. Niliponunua waya wa jeki, fidla ilipopanda ukuta nao ukapanda, na bibi hakuinuka mpaka kahawa ikapoa.

Upo pia uchelewaji wa upande wa pili. TV nyingi huichakata picha kabla ya kuionyesha, na sauti inayokwenda moja kwa moja kwenye sabufa inafika mapema. Ingia kwenye mipangilio ya picha uwashe Game Mode. TV inaacha kupamba na picha inawahi. Isipotosha, pitisha sauti kwa HDMI hadi kwenye TV, kisha utoe waya kutoka tundu la sauti la TV kwenda kwenye sabufa.

5. Anza na VLC, programu ya kucheza muziki na video. Ni bure, na pengine tayari unayo. Fungua wimbo, uache ucheze. Nenda menyu ya Audio, kisha Visualizations. Wimbo ukiwa umesimama, chaguo hizo zinaweza kufifia, basi usidhani zimeharibika. Jaribu Spectrum kwanza, ile ya nguzo zinazopanda na kushuka: nguzo za kushoto ni besi, za kulia ni sauti nyembamba. Si nzuri sana kwa macho, lakini inakuthibitishia kuwa picha na sauti vinakwenda pamoja. Ukishajiridhisha, nenda Goom au projectM kwenye menyu hiyohiyo, ndizo zenye rangi na mawimbi.

Dirisha lenye taswira, liwe la VLC lenyewe au jipya lililofunguka, lihamishe kwenye skrini kubwa kwa kubonyeza Windows, Shift na mshale wa kulia kwa pamoja. Kisha bonyeza F lijae skrini nzima.

6. Kuza picha yenyewe. VLC huchora projectM kwa pikseli 800 kwa 500 usipoiambia vinginevyo, kisha inaivuta hadi ijae ukuta. Ndiyo sababu watu wanaona ukungu na kulaumu projekta. Nenda Tools, Preferences, chini kushoto chagua All, kisha Audio, Visualizations, projectM. Andika upana na kimo cha skrini yako, mfano 1280 na 720. Hifadhi, funga VLC, ifungue tena.

7. Ukishazoea, panda ngazi. Sehemu kubwa ya taswira hizi chimbuko lake ni MilkDrop, programu iliyotengenezwa na Ryan Geiss ikatoka mwaka 2001 kwa ajili ya Winamp, programu ya kucheza muziki kwenye kompyuta. Mpaka leo mimi naiona ndiyo yenye uhai kuliko zote. Kila mchoro wake ni faili dogo, tuliite priseti, lenye hesabu zinazosoma nguvu ya besi, ya sauti za kati na ya sauti nyembamba kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya zile zinazopita mfululizo. Watu wameandika maelfu ya priseti na kuzigawa bure. projectM iliundwa ili kuzisoma priseti hizohizo nje ya Winamp.

Kwenye Winamp, cheza wimbo kisha bonyeza Ctrl, Shift na K. Kwenye mipangilio ya MilkDrop chagua skrini ya pili kwa ajili ya kujaza skrini. Kitufe kirefu cha nafasi kinaleta priseti inayofuata, Backspace inarudisha iliyopita, na Scroll Lock inaishikilia unayoipenda isiondoke.

Kama nyimbo zako ziko kwenye kivinjari au programu ya kusikilizia mtandaoni, VLC haiwezi kuzisikia. Hapo tumia projectM inayosimama yenyewe, kisha uiambie isikilize sauti inayotoka kwenye kompyuta. Ikibaki kwenye maikrofoni itacheza kwa kufuata feni, kuku wa jirani na maongezi ya shemeji zako.

8. Linganisha taswira na muziki. Usiiachie kompyuta ibahatishe priseti usiku kucha. Taarabu na dansi la zamani hutaka taswira zinazotiririka, zenye moshi na mistari mirefu, kwa sababu besi yake haigongi kwa nguvu. Priseti inayosubiri pigo zito itabaki imelala. Bongo Fleva huenda na karibu kila kitu. Singeli ni habari nyingine. Mapigo yake huwa kati ya 200 na 300 kwa dakika. Kwa 300, ni mapigo matano kila sekunde, na kompyuta inayochora fremu 30 kwa sekunde ina fremu sita tu kwa kila pigo. Kwa singeli hakikisha unapata fremu 60, hata kama itabidi upunguze ukubwa wa picha.

Tahadhari, na hii naomba isirukwe. Mwanga unaomweka unaweza kumwangusha mtu mwenye aina ya kifafa kinachochochewa na mwanga, na wengine hawajui kuwa wanacho mpaka siku hiyo. Miongozo ya usalama inataka mimweko isizidi mitatu kwa sekunde. Mapigo 180 kwa dakika ndiyo matatu kwa sekunde, kwa hiyo priseti inayomweka nyeupe kila pigo ikiwekewa singeli imeshavuka mpaka. Priseti za kumweka zifute kabisa kwenye folda. Waulize wageni mapema kama yupo mwenye kifafa. Watoto wasikae pua kwa ukuta, na taa moja hafifu ibaki inawaka. Mtu akisema kichwa kinamuuma au anaona vibaya, zima picha papo hapo, muziki uendelee.

9. Izuie kompyuta isilale. Kwenye mipangilio ya umeme weka skrini isizime na kompyuta isilale ikiwa kwenye chaja. Zima arifa. Ahirisha masasisho ya Windows, na usifunge kifuniko cha laptopu bila kubadilisha kwanza mpangilio wake.

10. Subiri giza. Dar jua huzama mapema mwaka mzima, saa moja na nusu usiku tayari unaweza kutumia hata ukuta wa uani. Ukiwa nje, jua kuwa wadudu watakuja kwenye mwanga wa lenzi. Kama unaishi karibu na bahari, rudisha projekta ndani usiku huohuo, maana upepo wa chumvi hauna huruma na bodi za umeme. Na besi ya sabufa inapita ukuta hadi kwa jirani. Mwalike, au ishushe ikifika saa nne.

Ikigoma

*Hakuna picha kabisa.* Kagua namba ya HDMI, kisha Windows na P tena. Bado? Badilisha waya kabla ya kushuku kitu kingine.

*Kingo za picha zimekatwa.* TV inaikuza picha kidogo. Kwenye ukubwa wa picha tafuta Just Scan, Screen Fit au jina linalofanana na hayo. Kwenye baadhi ya TV, kuliita tundu hilo "PC" kunamaliza.

*Nyeusi inaonekana kijivu.* Kompyuta na TV hazijakubaliana kuhusu kipimo cha rangi. Kwenye mipangilio ya kadi ya picha, badilisha kati ya Full na Limited uone ipi inarudisha weusi. Kwa projekta, kijivu ni mwanga wa chumba: funga pazia.

*Sabufa inavuma "mmmm".* Chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukiisha, chanzo ni umeme kuzunguka kupitia nyaya zako. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, kuna kifaa kidogo cha kutenganisha mzunguko huo kinachochomekwa kwenye waya wa sauti.

*Taswira inakwamakwama.* Shuka hadi 1280 kwa 720, funga kivinjari, hakikisha chaja imechomekwa. Laptopu nyingi hupunguza nguvu zikiwa kwenye betri.

*Muziki unasikika, taswira imeganda.* Programu inasikiliza kifaa kingine. Rudi hatua ya 4 na ya 7.

*Sina kompyuta, simu je?* Simu yenye USB-C inayotoa video itaunganishwa kwa kigeuzi cha HDMI, ila nyingi za bei ya chini hazitoi video kupitia tundu hilo. Ijaribu dukani kabla ya kulipa. Kurusha bila waya kunawezekana, lakini picha itachelewa na utarudi palepale kwa bibi na mpigaji wake.

*LUKU itaisha?* Projekta ya balbu ya wati 300 kwa saa nne inakula uniti 1.2. Ya LED au TV ya inchi 43 ni chini ya nusu ya hapo.

*Umeme ukikatika katikati ya wimbo?* Laptopu itaendelea na betri. Ya kuhurumia ni projekta ya balbu: feni yake inasimama ghafla wakati balbu bado ni ya moto sana, na hilo likijirudia balbu inakufa kabla ya siku zake. UPS ndogo ya kompyuta, ile betri ya akiba, ikiipa dakika chache inatosha. Umeme ukienda, izime kwa rimoti, sikiliza feni mpaka inyamaze yenyewe, ndipo uchomoe. Fanya hivyohivyo kila usiku unapofunga, hata kama wageni wameshasimama mlangoni wanaaga.